Kufuta Kompyuta na Kupiga Windows Upya Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Kupiga Windows upya hakuchukui muda. Kwenye kompyuta yenye SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka), tangu uchomeke flashi mpaka uone skrini mpya ya kuanzia ni nusu saa hivi, na muda mwingi humo unatazama tu duara likizunguka. Kinachochukua muda, na kinachowaliza watu, ni kile walichopaswa kufanya kabla: kutoa vyombo ndani ya nyumba kwanza, ndipo ibomolewe. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye maandalizi na kupita haraka kwenye usakinishaji wenyewe. Ukijikuta mbele ya kitufe cha kufuta na moyo unasitasita, rudi kwenye sehemu ya nakala. Huo moyo mara nyingi una habari.

Nitazungumzia zaidi Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Linux na Mac nitazigusa mwishoni.

Kwanza: ni Windows kweli inayosumbua?

Watu hufomati kompyuta kwa sababu imekuwa nzito, na baada ya wiki mbili uzito umerudi. Mara nyingi hapo Windows ilisingiziwa. Diski inayokaribia kufa huonekana hivyohivyo: programu zinaganda, mafaili yanachelewa kufunguka, mashine inazimika bila kuaga. Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Ikiwa hali ya diski imeandikwa kwa rangi ya manjano au nyekundu, nakili vitu vyako leo na ubadilishe diski. Kuipiga Windows mpya diski inayokufa ni kupaka rangi ukuta unaoanguka.

Skrini ya bluu isiyo na mpangilio, mara leo wakati unaandika, mara kesho wakati unasikiliza muziki, inaweza kuwa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, na uiache kompyuta ijipime.

Halafu kuna mashine zenye diski ya zamani ya kuzunguka, HDD. Hizo zitakuwa nzito hata Windows ikiwa imewekwa jana. Weka SSD, na hapo ndipo upige Windows mpya juu yake. Hakuna badiliko lingine la fedha ndogo linaloifanya kompyuta ya zamani ionekane imezaliwa upya kiasi hicho.

Ipo pia njia ya katikati, ile iliyoandikwa "Reset this PC" ndani ya mipangilio, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012. Inatosha ikiwa Windows bado inawaka vizuri na unataka tu kuanza upya. Mimi huchagua flashi katika hali tatu: Windows haiwaki kabisa, nimebadilisha diski, au nashuku virusi. Kwenye hali hiyo ya tatu, kuuomba mfumo uliovamiwa ujisafishe wenyewe ni jambo nisiloliamini.

Kutoa vyombo

Unahitaji diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Flashi inafaa kwa mafaili machache, lakini usiifanye kuwa hazina pekee ya picha za miaka kumi.

Vitu vyako vingi viko ndani ya folda moja: C:\Users, kisha jina lako. Humo mna picha, nyaraka, vilivyopakuliwa, video na vile vilivyo juu ya skrini. Njia ya kawaida ni kunakili na kubandika, na kwa folda ndogo hakuna ubaya. Kwa folda kubwa njia hiyo huchosha: katikati ya gigabaiti 200 inakutana na faili moja bovu, inasimama kukuuliza, na wewe umeshalala. Mimi hutumia amri ambayo imo ndani ya Windows tayari. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

robocopy C:\Users\JinaLako E:\Nakala /E /XJ /R:1 /W:1

Weka jina lako halisi, na badala ya E weka herufi ya diski yako ya nje. /E ni kuchukua folda zote na zilizomo ndani yake. /XJ inazuia zile folda za ndani zinazoelekeza kwenye folda nyingine, ambazo zinaweza kuifanya amri izunguke bila mwisho. Hizo mbili za mwisho ndizo watu husahau: bila kuambiwa, robocopy hujaribu tena faili iliyokwama mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Ukiweka 1 na 1, inajaribu mara moja zaidi na kuendelea na safari. Mwisho itakupa jedwali la vilivyonakiliwa na vilivyoshindikana. Mafaili machache ya mfumo, kama NTUSER.DAT, yatashindikana kwa sababu yanatumika muda huo. Hayo achana nayo.

Sasa tuje kwenye vile visivyokaa pale unapovitafuta.

Angalia kama una OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kwenye kompyuta nyingi, folda za nyaraka na za skrini zimehamishiwa ndani ya folda ya OneDrive bila mwenyewe kukumbuka kwamba alikubali. Faili lenye alama ya wingu pembeni halipo kwenye diski yako. Lipo mtandaoni, na unachokiona ni jina lake tu. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua ibaki kwenye kifaa daima, subiri ishuke yote, ndipo unakili.

Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari yanahitaji uangalifu wake. Firefox huweka kila kitu ndani ya folda yake ya wasifu, na ukiibeba folda hiyo manenosiri yanakwenda nayo. Chrome na Edge ni tofauti: manenosiri yao yamefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows hii, kwa hiyo ukibeba folda tu, Windows mpya haitaweza kuyafungua. Ama uingie kwenye akaunti yako ya kivinjari na uwashe ulandanishi, ama uyatoe kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kupitia mipangilio ya manenosiri. Faili hilo linasomeka na yeyote atakayelishika, hivyo lifute mara tu utakapoliingiza upande wa pili.

Anayetumia Outlook atafute mafaili yanayoishia na .pst. Kama barua zako zilikuwa zinashushwa kwa POP, njia ya zamani ya kupokea barua, na kufutwa kwenye seva, hilo faili ndilo barua zako zote duniani. Programu za hesabu, za stoo na za maduka nazo hupenda kuweka kanzidata nje ya folda yako: ndani ya C:\ProgramData, ndani ya folda ya programu yenyewe, au papo hapo juu ya C. Usibahatishe. Fungua programu, tafuta sehemu yake ya kuhifadhi nakala, na uitumie hiyo. Fonti ulizoongeza, violezo vya barua, na michezo uliyofika mbali nayo pia huishi pembeni.

Kama unafuta kwa sababu ya virusi, chukua nyaraka, picha na video tu. Mafaili ya kusakinisha programu, hasa yale ya kuvunjia leseni, yaache yafe humo humo. Mara nyingi ndiyo yaliyomleta mgeni.

Aliyenifundisha somo la nakala alikuwa mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinakili vitu vyote vilivyokuwa juu ya skrini ya ndugu yangu, nikafuta diski kwa amani, kisha nikagundua kwamba folda tatu kati ya hizo zilikuwa njia za mkato. Nilikuwa nimehifadhi mishale mitatu, kila mmoja kilobaiti mbili, inayoelekeza mahali ambapo hapakuwa tena na kitu. Tangu hapo sifuti chochote kabla ya kufanya mambo mawili: nalinganisha ukubwa wa folda asili na ukubwa wa nakala, kisha nachomoa diski ya nje, naichomeka kwenye kompyuta nyingine, na kufungua mafaili matano sita bila mpangilio. Picha ifunguke. Video icheze. Jina la faili kuonekana si ushahidi.

*Na kama Windows haiwaki?* Nakala bado inawezekana. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya Ubuntu au Linux Mint, washa mashine yako nayo, na uchague kuujaribu mfumo bila kuusakinisha. Utaona diski yako ya Windows kama folda ya kawaida na utanakili kwenda diski ya nje. Hapo unaweza kukutana na mlango uliofungwa: ikiwa diski ilisimbwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloifanya diski isisomeke bila ufunguo, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48.

Funguo zote mkononi

BitLocker huwashwa kimyakimya kwenye laptopu nyingi za Windows 11 pale unapoingia na akaunti ya Microsoft, na wengi hawajui kama diski yao imesimbwa. Kwa kufuta diski nzima ule ufunguo hauhitajiki. Lakini ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) kabla hujamaliza kunakili, Windows inaweza kuudai inapowaka, nawe ukabaki nje ya nyumba yako. Ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa. Uandike kwenye karatasi kabla hujaanza.

Leseni ya Windows haina maumivu kama watu wanavyofikiri. Kompyuta iliyokuja na Windows tangu kiwandani huwa na ufunguo uliochomwa ndani ya ubao mama wenyewe, au leseni ya kidijitali iliyosajiliwa kwa ubao huo. Ukipiga toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiwezesha ikipata intaneti. Ukitaka kuuona ufunguo uliomo, fungua PowerShell na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikirudisha mstari mtupu, usihofu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya uwezeshaji, uangalie kama imeandikwa kwamba leseni imeunganishwa na akaunti yako. Programu nyingine za kulipia, kama za usanifu au za muziki, zina idadi maalumu ya kompyuta zinazoruhusiwa. Ondoka kwenye akaunti zake kwanza ili nafasi isihesabiwe kwa mashine isiyokuwepo.

Jambo ambalo miongozo mingi haisemi: jiulize kama unaweza kuingia kwenye barua pepe yako ukiwa huna kompyuta hii. Wapo ambao hawajaandika nenosiri lao kwa miaka minne kwa sababu kivinjari kililikumbuka, na namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti walishaipoteza. Jaribu kuingia kwa simu sasa hivi, kabla.

Mwisho, weka kando draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine. Amri hii inazitoa zote ambazo hazikuja na Windows yenyewe:

pnputil /export-driver * E:\Draiva

Tengeneza folda ya Draiva kwanza. Na orodha ya programu zako:

winget export -o E:\programu.json

Baadaye, winget import -i E:\programu.json itazirudisha zile zinazopatikana kwenye hazina yake. Si zote, lakini inaokoa jioni nzima ya kupakua moja moja.

Flashi ya kusakinishia

Flashi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote. Njia rahisi ni programu ya Microsoft yenyewe iitwayo Media Creation Tool, inayopatikana kwenye ukurasa wao wa kupakua Windows 11. Unaifungua, unachagua lugha, unaielekeza flashi, unaenda kunywa maji.

Ukitaka faili la ISO, yaani kisakinishi kizima ndani ya faili moja, lipakue hapo hapo kwa Microsoft, kisha uliandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Usilinakili tu na kulibandika. ISO iliyobandikwa kama ilivyo ni faili ndani ya flashi, na kompyuta haiwezi kuwaka nalo. Wengine hulifungua na kumwaga yaliyomo ndani ya flashi ya mfumo wa FAT32, halafu wanagonga ukuta mwingine: FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na faili kuu la Windows ndani ya ISO za sasa hupita hapo. Rufus inalijua hilo na kulishughulikia.

Usipakue Windows "iliyopunguzwa uzito" kutoka kwa mtu usiyemjua. Hujui alipunguza nini, na zaidi ya hapo hujui aliongeza nini. ISO uliyopewa na rafiki unaweza kuihakiki kwa certutil -hashfile, ukifuatisha njia ya faili na neno SHA256, kisha ulinganishe herufi zinazotoka na zile zilizochapishwa na Microsoft.

Angalia pia kama mashine inaikubali Windows 11: TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI (BIOS ya kisasa) yenye Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha 8 kuendelea. Zipo mbinu za kukwepa masharti haya. Kwa mashine ya kazi sizipendekezi, maana Microsoft haiahidi masasisho kwa kompyuta isiyotimiza. Kwa mashine ya namna hiyo, Linux Mint ni mkataba wa uungwana zaidi.

Kuiwasha kutoka kwenye flashi

Laptopu iwe kwenye chaji. Chomoa diski ya nje yenye nakala zako na uiweke chumba kingine. Ndiyo, chumba kingine. Kama kompyuta ina diski mbili ndani na unaweza kuitoa ile isiyohusika, itoe, kwa sababu mbili: huwezi kuifuta kimakosa, na kisakinishi hakitaweka sehemu ya kuwashia kwenye diski moja na Windows kwenye nyingine. Hilo la pili hutokea, na hulijui mpaka siku unapoitoa diski ya pili na kompyuta inakataa kuwaka.

Zima, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9, Asus mara nyingi Esc au F8, MSI ni F11. Kwa Acer ni F12, ila wakati mwingine lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Gonga kwa kurudiarudia, usikibane. Kama Windows inawaka kwa kasi mpaka unakosa nafasi, ingia ndani yake, shikilia Shift huku ukibofya kuwasha upya, na uchague kutumia kifaa.

Flashi ikionekana mara mbili kwenye orodha, chagua iliyoandikwa UEFI mbele yake. Wanaochagua ile nyingine ndio baadaye hukutana na ujumbe kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu ni ya mpangilio wa GPT. Hakuna kilichoharibika. Zima, rudi, chagua ya UEFI.

Kufuta

Kisakinishi kitauliza lugha na kibodi. Kwenye matoleo mapya utachagua kusakinisha Windows 11 na kuweka alama kwamba unakubali kila kitu kifutwe. Kwenye matoleo ya nyuma chagua "Custom". Ukiulizwa ufunguo, bofya kwamba huna. Ukiulizwa toleo, chagua lilelile ulilokuwa nalo. Ukikosea hapa, ukaweka Pro kwenye mashine ya Home, leseni haitakaa.

Ndipo inakuja orodha ya diski na patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa. Hapa simama.

Hakikisha unaijua diski kwa ukubwa wake, na ujue kwamba ukubwa unaouona hautalingana na ule ulioandikwa kwenye boksi. Watengenezaji wa diski huhesabu kwa 1,000; Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hiyo diski ya GB 256 itasomeka kama 238, ya 500 kama 465, na ya TB 1 kama 931. Ukiona diski ya 28 au 14, hiyo ni flashi yako.

Kwenye diski ya ndani utakuta patisheni kadhaa: ndogo ya mfumo wa EFI yenye MB 100 hivi, nyingine ya MB 16, ile kubwa ya Windows, na ya uokoaji yenye mamia ya MB. Wengi hufuta ile kubwa tu na kuacha masalia. Ukiwa umedhamiria kuanza upya, futa zote za diski hiyo, moja baada ya nyingine, mpaka ibaki nafasi moja isiyogawanywa. Lakini kama ulikuwa na patisheni ya D uliyoitumia kuhifadhi vitu, hiyo ni maamuzi mengine. Ukitaka ibaki, usiiguse, na usiamini herufi zinazoonekana hapa kwa kuwa zinaweza kubadilika. Iamini saizi na jina.

Chagua ile nafasi tupu na ubofye kuendelea. Huna haja ya kuunda patisheni wala kuifomati; kisakinishi kitajigawia chenyewe.

Patisheni ikikataa kufutika, bonyeza Shift na F10 ili dirisha jeusi lifunguke, kisha andika amri hizi moja moja:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
exit

Badala ya 0 weka namba ya diski yako halisi baada ya kusoma orodha. Amri ya clean haiulizi mara mbili. Haina "una uhakika?". Ukishabonyeza Enter, ramani ya diski imekwenda.

Na kama orodha ya diski haina kitu kabisa? Kwenye laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski hufichwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na Windows mbichi haina draiva yake. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, ifungue kutoka kwenye zip, iweke kwenye flashi, na uielekeze kupitia kitufe cha kupakia draiva kwenye skrini hiyo hiyo. Wapo wanaozima VMD ndani ya BIOS, na kwa kuwa unafuta kila kitu inakubalika. Watu hupeleka laptopu kwa fundi wakidhani diski imekufa, kumbe ni draiva ya megabaiti chache.

Kusakinisha

Hapa huna kazi. Mashine itanakili, itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Inapojiwasha mara ya kwanza usibonyeze kitufe chochote, la sivyo itarudi kwenye flashi na kuanza mwanzo. Ukiona hivyo, chomoa flashi na uiwashe tena. Kisha maswali: nchi, kibodi, mtandao, akaunti, faragha. Kwenye faragha zima vyote usivyovielewa. Windows inafanya kazi bila hivyo.

Kama haioni Wi-Fi, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kompyuta huiona simu kama mtandao wa waya, bila draiva ya ziada.

Saa ya kwanza

Kabla ya kurudisha hata picha moja, nenda kwenye masasisho. Sasisha, washa upya, sasisha tena, mpaka iseme hakuna zaidi. Draiva nyingi zitakuja humo. Kisha fungua Device Manager utazame vitu vyenye alama ya njano. Vikiwepo, bofya kimoja kwa kitufe cha kulia, chagua kusasisha draiva, na uielekeze kwenye folda ya Draiva uliyoitoa mwanzo, iliyo kwenye diski ya nje. Au nenda tovuti ya mtengenezaji ukiwa na namba ya mashine, iliyobandikwa chini yake, uanze na draiva za chipseti, ndipo za picha, sauti na mengineyo. Programu za kupakua draiva "zote kwa mbofyo mmoja" zikae mbali na mashine yako safi.

Hakiki leseni kwa slmgr /xpr kwenye dirisha la amri. Angalia hali ya BitLocker, na kama imewashwa, hifadhi ufunguo mpya. Ule wa zamani haufanyi kazi tena.

Hapo sasa chomeka diski ya nakala kama bado hujaichomeka, uipitishe kwenye skana ya Windows Defender, na urudishe vitu. Rudisha nyaraka, picha, video. Folda ya AppData usiimwage nzima juu ya mpya. Chukua tu wasifu wa programu unayoijua, kama Firefox au Thunderbird, na ukifanya hivyo programu yenyewe iwe imefungwa.

Kama kompyuta inaondoka mikononi mwako

Yote ya juu yanakutosha wewe mwenyewe. Hayatoshi ukiwa unauza au unagawa, kwa sababu kufuta patisheni kunaondoa ramani tu na mafaili yanaweza kubaki yamelala palepale. Programu za bure za kuokoa data huyarudisha.

Kwa HDD, tumia clean all badala ya clean ndani ya diskpart. Inaandika sifuri juu ya kila sehemu ya diski, na kwa diski kubwa itachukua masaa. Mara moja inatosha. Ile habari ya kuandika mara 35 ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 kuhusu teknolojia za diski za enzi hizo, na yeye mwenyewe alikuja kusema haina maana kwa diski za kisasa.

Kwa SSD mambo ni mengine. Kidhibiti chake husambaza maandishi kwenye chipu na kuweka akiba ambayo Windows haiioni, hivyo kuandika sifuri hakukuhakikishii kwamba kila kona imeguswa. Tumia amri ya diski yenyewe ya kujifuta. Laptopu nyingi za kazi za Dell, HP na ThinkPad zinayo ndani ya BIOS. Ukiwa kwenye Linux yenye kifurushi cha nvme-cli, kwa diski ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi) ni:

nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Thibitisha jina la diski kwanza kwa lsblk. Hakuna kati ya hizi? Simba diski nzima kwa BitLocker, subiri ifike asilimia 100, kisha ifute. Kilichobaki ni kelele isiyosomeka bila ufunguo.

Linux na Mac

Linux ni njia ileile: flashi, menyu ya kuwashia, kufuta diski na kusakinisha. Faida yake ni kwamba unaujaribu mfumo ukiwa bado kwenye flashi, kwa hiyo pima Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kugusa diski.

Mac zenye chipu za Apple, pamoja na zile za Intel zenye chipu ya T2, zikiwa na macOS Monterey ya 2021 au mpya zaidi zina chaguo la kufuta maudhui na mipangilio yote, ndani ya mipangilio ya mfumo, na linamaliza kazi kwa dakika chache. Mac isiyowaka unaiingiza kwenye uokoaji: shikilia kitufe cha kuwashia kwa zile za chipu za Apple, au Command na R kwa za Intel. Ukiwa unaiuza, toka kwanza kwenye akaunti ya Apple na uzime huduma ya kutafuta kifaa. Usipofanya hivyo, mnunuzi atakutana na kufuli linalodai nenosiri lako, naye atakupigia simu usiku.

Diski ya nakala usiifute bado. Iache kabatini miezi miwili. Kitu ulichokisahau hakikumbukwi wiki ya kwanza. Hukumbukwa siku ile mtu anapokuomba cheti ulichokiskani mwaka juzi.